Matanga ya Bahari, Matanga ya Kilio

Ukitamka neno matanga huku kwetu Lualaba, mtu wa kwanza kukusikia atauliza nani amekufa. Kuanzia Kolwezi hadi Musumba neno hilo lina maana moja tu: kuna nyumba iliyofiwa, moto umewashwa uani, watu wamekaa chini na hawataondoka hadi alfajiri. Ndiyo maana nilishtuka, miaka kadhaa iliyopita, niliposimama ukingoni mwa bandari ya majahazi pale Malindi, Unguja, nikamsikia baharia akimlalamikia mwenzake kwamba matanga yao yamechoka. Nilimtazama usoni nikitafuta alama ya kufiwa. Haikuwepo. Macho yake yalikuwa juu, kwenye mti mrefu uliolala mshazari, na nguo nzito ya pamba imefungwafungwa juu yake kama mtoto mgongoni.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba Kiswahili kilichonilea kimetoka baharini, kikanifikia bila bahari.

Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, iko Kapanga, upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo letu. Ukipima moja kwa moja kwenye ramani, bahari ya magharibi iko zaidi ya kilomita 1,000, na ya mashariki inakaribia mara mbili ya hapo. Wazee wanasimulia kwamba mji wa mfalme ulipangwa kwa umbo la kobe, una kichwa, miguu na mkia. Mnyama huyo habebi tanga. Hata hivyo sikiliza tunavyozungumza. Mtangazaji wa mpira wa TP Mazembe humtaja nahodha wa timu na mlinda lango aliyejipanga katikati ya milingoti. Dereva wa lori la mgodi, Kolwezi, hukesha ameshika usukani. Ndege inayotua uwanjani ina rubani wake. Yote haya ni maneno ya chomboni. Nahodha ni neno la Kiajemi la mwenye chombo. Rubani ni yule aliyejua miamba na mikondo ya kuingilia bandarini. Usukani ni ubao wa nyuma, kwenye tezi. Mlingoti umetembea kuliko wenzake: hata Waganda wanao, wanauita omulongooti, na maji yao ni ya ziwa.

Lakini neno hilo lilipotufikia lilikuwa limenyolewa kamba zake zote. Kwetu mlingoti ni mti uliosimama peke yake: wa bendera, wa goli. Baharini mlingoti uliosimama peke yake ni dalili ya balaa. Mti ule haufanyi kazi mpaka ushikwe na kamba, na majina ya kamba hizo ndiyo sehemu ya Kiswahili ambayo sisi wa bara tulinyimwa. Nimekaa nayo muda mrefu, nikiuliza wanaojua, na leo nataka kuyaleta nyumbani.

Tuanze na mti wenyewe. Mlingoti wa jahazi hausimami wima kama nguzo ya umeme. Umeinamia mbele, kuelekea omo. Mtu wa bara akiuona mara ya kwanza hudhani unaanguka. Kuinama huko kuna sababu: kunaipa foromali nafasi ya kuning'inia mbali kidogo na mlingoti. Foromali ndiyo ule mti wa pili, mrefu, mwembamba kwenye ncha, unaolala mshazari na kubeba tanga. Katika vyombo vikubwa urefu wake hukaribia urefu wa chombo kizima, na kwa kuwa mti mmoja mnyoofu wa kiasi hicho ni vigumu kuupata, mafundi huunganisha vipande viwili au vitatu, wakavipishanisha na kuvizungushia kamba hadi vikawa kitu kimoja. Nilipitisha kiganja kwenye maungo hayo nikaona hayana msumari hata mmoja. Foromali ya msumari ingevunjika siku ya kwanza ya upepo mkali. Ya kamba hupinda, halafu hurudi.

Kuipandisha foromali pamoja na tanga lake ndiko kutweka tanga. Kamba nene iitwayo henza hushika foromali, hupanda hadi kichwani mwa mlingoti, hupita juu ya kapi na kushuka upande wa nyuma. Mwisho wake hufungwa abedari, yaani kapi kubwa la mti, na ndani ya abedari hupita kamba nyingine, jarari. Hiyo jarari ndiyo inayoshikwa na watu. Henza inabeba uzito, jarari inaugawa. Mabaharia hupanga mstari, mmoja huanzisha wimbo, wengine hupokea, na kila wanapopokea mti hupanda kidogo. Wimbo hapo una kazi sawa na kapi: mikono kumi ikivuta kwa nyakati kumi, foromali haitikisiki.

Tanga likiisha kutwekwa huongozwa na pembe zake mbili za chini. Pembe ya mbele, inayoukabili upepo, hushikwa na joshi. Pembe ya nyuma hushikwa na demani. Ukivuta demani tanga linabana, ukiiachia linajaa na kufunguka. Kutoka hapo lugha ikapata pande zake mbili za dunia: joshi ndiko unakotoka upepo, demani ndiko unakokwenda, na baharia anaweza kukuambia ukae demani bila kukuonyesha kidole. Msimu wa upepo mwanana baada ya kusi kupoa nao huitwa demani. Mtu aliyekulia kando ya mto Lulua, kama mimi, huambiwa akae upande wa machweo au upande wa mtoni. Wao wana upande wa upepo.

Palipo pagumu zaidi ni kugeuza. Chombo kinachokwenda mbisho, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kukata kushoto na kulia, lazima kihamishe tanga lake upande wa pili wa mlingoti kila kinapogeuka. Foromali ile ndefu husimamishwa karibu wima, ikazungushwa mbele ya mlingoti na tanga likipigapiga, huku demani ikikimbizwa kwenda upande mwingine. Wakati huohuo kamba zinazoushikilia mlingoti, ambazo hukazwa upande wa joshi peke yake, hufunguliwa na kuhamishwa. Kwa muda mfupi mlingoti hauna wa kuushika. Nahodha akikosea hesabu hapo, upepo ukilishika tanga kwa upande usio wake, mti huvunjika na watu hupotea. Ndiyo sababu manahodha wa zamani hawakupenda mbisho. Walingoja. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka, iliwaleta kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ilipoingia baada ya Machi, iliwarudisha. Biashara nzima ya mwambao ilipangwa ili mlingoti usilazimishwe kubishana na upepo.

Na upepo ukizidi? Hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Jahazi halina desturi ya kulikunja tanga nusu. Hulitua, yaani hulishusha lote pamoja na foromali, kisha mabaharia hulifungua na kufunga tanga jingine dogo. Chombo kikubwa cha safari ndefu hubeba matanga kadhaa, la upepo mwanana na la upepo wa hasira, kama mtu mwenye nguo ya kazi na nguo ya sikukuu. Kutua, kutweka: kwetu mama anayetoka shambani hutua mzigo, na kesho yake mwenzake humtwika tena. Naamini wapagazi waliotembea kutoka Bagamoyo walizisikia sauti hizo mbili pamoja kila asubuhi na kila jioni.

Sasa kamba yenyewe. Inatoka kwenye kumbi la nazi, lile ganda la nyuzinyuzi la nje. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja wanawake huyafukia makumbi kwenye tope la pwani, wakayawekea mawe, maji yakajaa na kupwa juu yake kwa miezi. Yakiisha kuoza huyafukua, huyapiga kwa magongo hadi uchafu utoke, na kinachobaki ni nyuzi safi za rangi ya dhahabu iliyofifia. Nyuzi hizo husokotwa kwa viganja. Maji ya chumvi, ambayo hula kamba nyingine, kwa hii ni rafiki. Na jina la nyuzi hizo, zikiisha kusafishwa, ni usumba. Nililisikia jina hilo mdomoni mwa mwanamke mmoja aliyekuwa akisokota kivulini, nikamwomba alirudie. Alidhani sikumsikia. Nilikuwa nimesikia jina la mji wangu. Kwa Kilunda musumba ni mahali pa mfalme, na maneno hayo mawili hayana undugu, lakini tangu siku hiyo siwezi kuitazama kamba ya usumba kama kitu cha watu wengine.

Usumba huohuo uliushona mtepe, chombo cha kale cha Lamu, Pate na visiwa vya Wabajuni. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba bila misumari, na tanga lake lilikuwa la mraba, lililosukwa kwa majani. Mkeka uliotwekwa. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika miaka ya 1930. Hapo ndipo nilipowaelewa wanaosema kwamba matanga ya bahari na matanga ya kilio ni neno moja: tanga lilikuwa mkeka, na waliofiwa hukaa mkekani. Ukipenda unaweza kuwapinga. Mimi sina haja ya kuwapinga, kwa sababu historia ya Musumba imeyakutanisha maneno hayo mahali pengine, pabaya zaidi.

Kutoka kwa Mwant Yav zilitoka njia mbili. Moja ilikwenda mashariki, kwa Kazembe wa Luapula, kisha Tete kwenye Zambezi na masoko ya Bahari ya Hindi. Nyingine ilikwenda magharibi, kwenye soko la Kasanje, kisha Luanda. Mwanzoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walizifuata zote mbili: walipita kwa Mwant Yav, wakazuiliwa miaka kwa Kazembe, wakafika Tete mwaka 1811. Mwisho wa njia ya mashariki palisimama mlingoti ulioinama wa jahazi. Mwisho wa njia ya magharibi palisimama milingoti ya aina nyingine kabisa.

Meli ya Bahari ya Atlantiki ilikuwa na milingoti mitatu, wa mbele, mkuu na wa nyuma, yote wima, kila mmoja umeungwa kwa vipande vilivyopandana. Foromali zake hazikulala mshazari. Zilikata mlingoti kama msalaba, tatu au nne juu ya kila mmoja, na kila moja ilining'iniza tanga la pembe nne. Kamba zake zilikuwa koo mbili. Za kwanza zilipakwa lami na hazikusogea, kazi yao kuishikilia milingoti mbele, nyuma na ubavuni. Za pili zilivutwa mchana na usiku. Vijana walipanda ngazi za kamba hadi juu kabisa, wakalala kifudifudi kwenye foromali na kukunja tanga kwa vidole vilivyokufa ganzi. Meli hiyo iliweza kuvuka bahari na upepo wa nyuma kwa majuma bila kugusa nchi. Nimeona michoro mingi ya meli hizo, na ni nzuri. Inaniumiza kukiri uzuri huo.

Kwa maana mateka wa vita vya Walunda, na watu waliodaiwa, na watoto waliotolewa kulipa kosa la mjomba, walipitishwa Kasanje, wakashushwa Luanda, wakatiwa chini ya milingoti hiyo. Hakuna bandari ya Afrika iliyopakia watumwa wengi kuliko Luanda, na hakuna nchi ya ng'ambo iliyopokea wengi kuliko Brazili, karibu milioni tano kutoka Afrika nzima. Mtu aliyetoka bonde la Kalanyi, asiyewahi kuona maji asiyoweza kuona ng'ambo yake, alipotolewa sitahani kupunga hewa aliinua macho na kuona nguo nyeupe zimejaa angani. Nyuma yake, kijijini, watu walikuwa wamekaa chini wakimlilia kama maiti. Walikuwa na haki. Hakurudi.

Tanga moja liliuingia hata mto wetu. Mwaka 1876 msafiri Stanley alifika Nyangwe, Maniema, na mashua yake Lady Alice, iliyojengwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa na wapagazi. Aliyeshika usukani alikuwa Uledi, mtu wa Unguja, na pamoja na Waungwana wenzake waliiteremsha Lualaba hadi karibu na bahari ya pili. Maji yanayozaliwa huku Katanga yalibeba mlingoti, na waliouhudumia walikuwa wasemaji wa lugha hii ninayoiandika.

Na shaba yetu? Karne hiyohiyo ilikuwa ikiyeyushwa kwa makaa na mivukuto katika tanuru za udongo, na mafundi walioitwa walaji wa shaba wakiimimina iwe misalaba ya kulipia mahari na kodi. Ng'ambo, madini hayohayo yalikuwa yakipandishwa mlingotini. Radi ilikuwa ikipasua milingoti ya meli za kivita na kuua watu chini yake. Daktari wa Plymouth, William Snow Harris, alishauri kuanzia 1820 kwamba utepe wa shaba uzamishwe ndani ya mti kutoka ncha hadi chini ya meli, ili moto wa mbinguni uteremke baharini bila kugusa mtu. Meli Beagle iliyomchukua Charles Darwin mwaka 1831 ilikuwa na tepe hizo. Wakubwa wa jeshi la majini walisita hadi miaka ya 1840. Fundi wa umeme wa Kolwezi asingehitaji kushawishiwa.

Masultani wa Unguja walizipenda meli za milingoti mitatu. Sayyid Said alikuwa na Al-Sultanah, iliyojengwa Bombay, ambayo mwaka 1840 ilitoka Unguja na pembe za ndovu, karafuu na tende, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili chini ya Ahmad bin Na'aman. Wamarekani waliikarabati kwa gharama zao kabla ya kuirudisha. Mwanawe Barghash, baada ya kimbunga cha 1872 kuharibu meli zake, aliagiza nyingine Uskoti kwa mfano wa manowari ya Kiingereza, akaiita Glasgow. Ilishushwa majini mwaka 1878, ina injini ya mvuke na milingoti mitatu kamili.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Glasgow ilikuwa imetia nanga mbele ya jumba la Sultani. Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha enzi na Waingereza hawakumtaka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Glasgow ilijibu, ikapigwa, ikazama. Vita vilikoma baada ya dakika kama 40, pale bendera ya jumba ilipoangushwa, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Lakini bandari ile haikuwa na kina cha kuificha meli. Milingoti yake mitatu ilibaki imesimama juu ya maji, haina tanga, hadi mabaki yalipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alikua hadi kubalehe akiiona kila alipofungua dirisha, na kila jahazi lililoingia na kaskazi lilipita kando yake. Hayo ndiyo matanga marefu kuliko yote ninayoyajua.

Kabla ya vita hivyo, mlingoti wa kwanza maarufu katika jimbo letu ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Desemba 1891 msafara wa William Stairs, uliotoka Bagamoyo na wapagazi wengi wa mwambao, ulifika Bunkeya kwa mfalme Msiri, ambaye wafanyabiashara wake walikuwa wakipeleka pembe na shaba hadi pwani. Stairs alitweka bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, juu ya kilima bila ridhaa ya Msiri. Tarehe 20 Msiri akapigwa risasi na kufa. Mti ule haukuwa na foromali wala demani. Ulikuwa na kamba moja tu.

Kamba hiyo naijua. Shuleni kwetu Musumba, zamani za Zaire, kila asubuhi tulisimama mistari na wavulana wa zamu wakatweka bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Juu ya mlingoti kulikuwa na kapi dogo la chuma lililolia kama ndege. Siku moja kamba iliruka nje ya kapi, bendera ikakwama katikati, haipandi wala haishuki. Mwalimu alivuta, akachoka. Mama mmoja aliyekuwa akitoka mtoni na ndoo kichwani aliiona bendera nusu mlingoti. Alisimama, akaitua ndoo yake polepole, akauliza nani amekufa Kinshasa. Wengine wakaja, wawili wakakaa chini kabisa kwenye nyasi.

Mvulana wa darasa la sita alivua viatu, akaukumbatia mti kwa nyayo na magoti, akapanda. Juu kabisa alijishikilia kwa mkono mmoja, kwa mwingine akairudisha kamba kwenye kapi. Upepo ulikuwa ukimyumbisha. Akatupigia kelele tuvute, na sote, hata wadogo, tukaishika kamba.